Kuacha habari za kila siku na runinga: njia nne na watu zinaowafaa

Anayesema "nimechoka na habari" aghalabu amechoka na vitu vitatu kwa mpigo: mabaya yanayorudiwa tangu alfajiri hadi usiku wa manane, runinga isiyozimwa hata watu wakiwa mezani, na simu inayotetemeka kila baada ya dakika chache na "habari za hivi punde". Vitu hivyo vitatu havina dawa moja. Ndiyo maana kuna mtu ameuza runinga yake na bado usiku hapati usingizi, na mwingine runinga iko palepale sebuleni naye ametulia tuli.

Uchovu wenyewe si wa watu wachache. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, katika ripoti yake ya 2024 iliyogusa masoko 47, Kenya ikiwemo, ilikuta watu 39 katika kila 100 wakisema huzikwepa habari mara nyingi au mara mojamoja. Mwaka 2017 walikuwa 29.

Wala kuishi bila runinga si ushujaa mpya kwetu. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya uhuru, watu wa Bara waliijua dunia kwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wengi walivifuata hivyo, watu wameizunguka redio ya jirani mwenye betri. Sitaki kuwafanya wazee wale malaika, maana runinga ilipofika waliipapatikia kama sisi. Ila wanaotisha watu kwamba "utapitwa na dunia" wakumbuke kwamba kuna kizazi kizima kilichoishi na taarifa chache kwa siku na hakikupitwa na la maana.

## Tunapima kwa vigezo gani

Nimechukua njia nne ambazo watu huzijaribu kweli: kuacha vyote, kubaki na taarifa moja kwa siku, kusoma mara moja kwa juma, na kuondoa runinga ukabaki na simu. Kila moja nitaipima kwa mambo manne: muda na fedha, moyo na usingizi, mambo yasiyopaswa kukupita, na maisha ya nyumbani na barazani.

Kigezo cha tatu ndicho kinachowababaisha wengi, kwa hiyo nikikalie kidogo. Habari nyingi zinazogusa mfuko na maisha yako zina kalenda. Bei kikomo za mafuta Tanzania hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, mamlaka ya nishati na mafuta, EPRA, hutangaza tarehe 14. Bajeti husomwa Juni. Mwelekeo wa mvua za masika na vuli hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya msimu kuanza. Matokeo ya mitihani yana miezi yake, na mwenye mtoto darasa la mtihani hahitaji kukumbushwa. Mtu akiziandika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, sehemu kubwa ya hofu ya kupitwa inakwisha hapo hapo.

Zinabaki zile zisizo na kalenda. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, tahadhari zilitoka siku chache kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Mvuvi wa Mafia aliyezima kila kitu wiki ile alikuwa hatarini kuliko mhasibu wa Dodoma aliyefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kila njia iulize: la dharura litanifikiaje, na kupitia kwa nani?

## Njia ya kwanza: kuacha vyote

Muda na fedha. Hakuna njia inayookoa zaidi. Kifurushi cha king'amuzi, bando la video, gazeti, vyote vinabaki mfukoni. Upande wa muda, mtu aliyekuwa akikaa saa mbili usiku kwa ajili ya taarifa, ikafuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikafuata michezo, anajikuta na jioni nzima mkononi. Tatizo ni kwamba jioni hiyo haiji na kazi yake. Usipoipangia kitu, iwe kushona, kusomesha watoto, kutembelea watu au kulala mapema, mkono unarudi kwenye simu wenyewe.

Moyo na usingizi. Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Baada ya mabomu kwenye mbio za Boston, Marekani, mwaka 2013, watafiti waliwahoji maelfu ya watu. Waliofuatilia habari za mabomu yale kwa saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na msongo mkali kuliko hata watu waliokuwepo kwenye tukio. Picha ileile ikirudiwa mara arobaini, mwili unaweza kuipokea kama tukio jipya. Ila ukimya nao una watu unaowatesa. Mwenye mama yake Goma, mashariki mwa Kongo, mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, asingetulizwa na kuzima redio. Angekaa akiwaza mabaya zaidi ya yaliyotokea.

Yasiyopaswa kukupita. Hapa ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Ukizima kila kitu, kazi ya mhariri umemkabidhi jirani. Jirani atakwambia kuhusu kimbunga, ndiyo, lakini pia atakwambia kuhusu mganga aliyegeuka paka. Mambo ya uraia nayo hupita kimya: tarehe za kuboresha daftari la wapiga kura, majina ya wagombea udiwani, tozo mpya. Kalenda ya ukutani inasaidia, si kwa yote.

Nyumbani na barazani. Ukiishi peke yako, ni uamuzi wa dakika moja. Ukiwa na watu, unaamua na kwa niaba yao, na hilo nitalirudia. Barazani mambo si mabaya kama watu wanavyodhani. Kaa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, na kikombe chako cha kahawa, mtu akikuuliza "umesikia?" ukamjibu "sijasikia, hebu nieleze", umempa zawadi ya jioni. Atakueleza kuanzia mwanzo, na wa pembeni watamsahihisha. Utapata habari yenye chumvi nyingi, lakini utaipata.

Inamfaa nani. Aliyefiwa, anayeuguza au anayeugua wasiwasi, mwanafunzi wa miezi ya mtihani, mtu mwenye kazi inayotaka kichwa kizima. Inafaa zaidi ikiwa na mwisho unaojulikana, na sisi tayari tuna misimu iliyo tayari: Ramadhani na Kwaresima. Watu wengi hupunguza runinga miezi hiyo bila kuiita jina lolote. Mfanyabiashara wa mazao, mvuvi na dereva wa masafa marefu itawagharimu.

## Njia ya pili: taarifa moja kwa siku

Muda na fedha. Nusu saa hadi saa moja, basi. Tanzania wengi wanaijua taarifa ya runinga ya saa mbili usiku; Kenya vituo vikubwa husoma kwa Kiswahili saa moja na kwa Kiingereza saa tatu. Wa redio wana Dira ya Dunia ya BBC saa kumi na mbili na nusu jioni. Redio ndiyo nafuu kuliko vyote. Hata simu ndogo za vitufe nyingi zina FM isiyogusa bando, mradi uchomeke spika za masikioni, kwa sababu waya wake ndio antena.

Ugumu uko kwenye kuzima. Mtangazaji anakutakia usiku mwema, kabla hujaifikia rimoti wimbo wa tamthilia umeanza, na mtu pembeni anasema "subiri tuone tu kama amemkuta". Taarifa moja imekuwa saa mbili na nusu. Anayechagua njia hii kwa runinga aamue mapema nani anashika rimoti. Kwa redio tatizo hili ni dogo mno.

Moyo na usingizi. Sauti haiumizi kama picha. Ajali ya basi ukiisikia redioni utasikitika na kuomba. Ukiiona, utalala nayo. Saa nayo ina uzito wake. Taarifa ya usiku iko karibu mno na kitanda, na kwa anayeamka saa nane usiku akiwaza, ningependekeza ile ya saa saba mchana, ambayo karibu kila kituo kinayo.

Yasiyopaswa kukupita. Ukichelewa sana, umechelewa siku moja. Na kuna nguvu nyingine ambayo watu waliisahau mpaka wakaihitaji: intaneti ilipozimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, aliyekuwa na simu peke yake alibaki gizani, na mwenye redio alibaki na kitu cha kusikiliza. Kasoro yake ni kwamba kituo kimoja ni jicho moja. Dakika kumi za mwanzo zinaweza kuisha kwa mkuu wa wilaya akikagua mradi wa maji, na lile lililotokea mtaani kwako lisitajwe kabisa. Kubadili kituo kila baada ya siku mbili tatu kunapunguza kasoro hiyo bila kuongeza muda.

Nyumbani na barazani. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayoleta watu pamoja. Mtoto anauliza "baba, mfumuko wa bei ni nini?", baba anajikuna kichwa, mama anajibu kwa bei ya unga.

Inamfaa nani. Nyumba yenye wazee na watoto, mkulima, mvuvi, mwenye duka. Pia yeyote anayeshindwa na msimamo wa "kamwe" lakini akaweza msimamo wa "saa fulani".

## Njia ya tatu: mara moja kwa juma

Muda na fedha. Asubuhi moja ya Jumamosi au Jumapili na bei ya gazeti moja. Wasomaji wa Kiingereza wana The EastAfrican, gazeti la juma tangu 1994. Kwa Kiswahili lipo Jamhuri, na matoleo ya mwisho wa juma ya magazeti ya kila siku huwa na makala ndefu kuliko ya katikati ya wiki.

Moyo na usingizi. Muda unachuja. Hakuna mfano mzuri kuliko usajili wa Simba na Yanga. Jumatatu mchezaji amesaini. Jumanne amekana. Jumatano ameonekana uwanja wa ndege amevaa kofia, na watu wanabishana kama ile kofia ni nyekundu au ni maruni. Alhamisi amepimwa afya. Ijumaa yuko Misri. Anayesoma Jumapili anasoma sentensi moja: yuko Misri. Habari za siasa, za bei na za magonjwa nazo huenda hivyohivyo kwa kiasi, na msomaji wa juma anaepushwa na ile mipando na mishuko ambayo haikuwa na mwisho.

Yasiyopaswa kukupita. Kwa dharura, gazeti la juma halina msaada. Lazima uwe na kitu cha pili: ndugu mmoja mwenye busara aliyeagizwa "kukiwa na la hatari nipigie", au ujumbe wa mamlaka husika kwenye simu. Kwa uraia, kinyume chake, njia hii inaweza kuwa bora kuliko zote, kwa sababu makala ndefu hukueleza sheria inasema nini, wakati taarifa ya usiku hukuonyesha waziri akiizungumzia.

Kuna jambo la jiografia ambalo waandishi wa mjini hulisahau. Vijiji vingi gazeti halifiki, au linafika limeshafungiwa maandazi. Huko njia hii maana yake ni kupakua makala chache siku ya mnada ukiwa kwenye mtandao mzuri, ukazisoma nyumbani.

Nyumbani na barazani. Katikati ya wiki utakuwa nyuma ya wenzako, hilo lipo. Jumatatu huenda wakakuuliza wewe.

Inamfaa nani. Walimu, watumishi wa ofisini, wastaafu wanaopenda kusoma. Na Waswahili wa ughaibuni, wa Muscat au Minneapolis, wanaotaka kujua nyumbani kunaendaje bila kuamka kila saa tisa usiku kuangalia simu.

## Njia ya nne: runinga itoke, simu ibaki

Nikiri upendeleo: njia hii ndiyo ninayoitilia shaka, ingawa ndiyo inayochaguliwa na wengi. Nitajaribu kuitendea haki.

Muda na fedha. Hulipii kifurushi tena, ila bando linapanda. Kabla ya kusherehekea, jumlisha ulichotumia kwenye bando mwezi uliopita na mwezi huu. Kuhusu muda, taarifa ya runinga ina mwisho, na hata tamthilia ina mwisho. Ukurasa wa simu hauna.

Moyo na usingizi. Inaweza kuwa mbaya kuliko runinga, inaweza kuwa nzuri kuliko redio, kutegemea umeipanga vipi. Arifa zote zikiwa wazi na makundi sita yakituma video za ajali zenye maneno "imetumwa kama ilivyopokelewa", umeondoa runinga sebuleni ukaileta kitandani. Arifa zikizimwa, makundi yakinyamazishwa, programu za video fupi zikafutwa, ukabaki na kurasa mbili unazozifungua kwa hiari yako, ni kifaa kingine kabisa.

Yasiyopaswa kukupita. Hapa simu inazishinda njia zote, na tukubali. Tahadhari ya hali ya hewa, tangazo la kukatika umeme, barabara iliyosombwa na mafuriko, vyote vinafika dakika hiyohiyo. Zamani matangazo ya vifo yalisomwa redioni na watu walinyamaza kusikiliza kama jina ni la ukoo wao. Siku hizi kwa wengi kazi hiyo inafanywa na kundi la ukoo la WhatsApp. Anayejitoa kwenye kundi lile kwa ajili ya amani ya moyo amejitoa kwenye misiba, na hilo ukoo haulisamehi haraka. Linyamazishe, usilitoke. Uongo nao hufika haraka vilevile: kabla ya kusambaza, tafuta jambo hilo kwenye ukurasa wa chombo kinachojulikana.

Nyumbani na barazani. Runinga, pamoja na dhambi zake, inatazamwa hadharani. Mtoto akitazama Ubongo Kids, kipindi kilichoanza 2014 na kufundisha hesabu kwa katuni, mzazi anakisikia akiwa jikoni. Akihamia kwenye simu, hujui yuko wapi. Mpenda mpira naye hataacha mpira. Ataenda kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mechi, atalipa kiingilio chake, atabanwa kwenye benchi, na atarudi saa sita usiku. Huenda akafurahi zaidi kuliko sebuleni. Anayemngojea mlangoni ana maoni yake.

Inamfaa nani. Kijana anayeishi chumba kimoja, msafiri, bodaboda, mtu wa biashara ya mtandaoni. Na yeyote mwenye nidhamu ya simu iliyokwisha kuonekana. Kama kila siku unaahidi kuiweka chini na huiweki, anza na njia nyingine.

## Runinga ni ya nani?

Kabla ya king'amuzi kuingizwa kabatini, uliza nyumba nzima. Bibi asiyesoma, miguu imekataa, watoto wako shule na wewe uko kazini, runinga kwake ni watu wa kukaa nao. Dada anayesaidia kazi za nyumbani huenda ile saa moja ya tamthilia ndiyo mapumziko yake pekee ya siku. Baba akitangaza "kuanzia leo hakuna runinga" huku mwenyewe akiendelea kusoma habari chooni kwa simu, amewanyima wengine tu. Mara nyingi suluhu ni ndogo: runinga itoke mezani iingie chumba kingine, au izimwe wakati wa chakula, na wewe binafsi ufuate njia yako.

## Kwa hali yako

Kama kinachokutesa ni usingizi, anza na saa, usianze na kifaa: hakuna habari ya aina yoyote baada ya saa moja usiku, na simu ilale nje ya chumba. Wengi hawatahitaji zaidi ya hapo.

Kama kinachokutesa ni pesa, ukichagua kati ya njia ya pili kwa redio na ile ya nne, piga hesabu ya bando kwanza.

Kama riziki yako inategemea hali ya hewa, barabara au bei za soko, njia ya pili pamoja na ujumbe wa mamlaka kwenye simu. Ya kwanza iache.

Kama una ndugu kwenye vita, iwe Goma, Bukavu au Khartoum, usijilazimishe ukimya. Chagua ndugu mmoja aliye karibu na tukio na chombo kimoja unachokiamini, na uviangalie kwa saa mbili zinazojulikana kwa siku. Video za makundi usizifungue. Hazikwambii kama mama yako yuko salama.

Kama una watoto wadogo na wazee chini ya paa moja, ya pili au ya tatu, na runinga ibaki na saa zake.

Na kama moyo wako uko kwenye njia ya kwanza, iandikie tarehe ya kurudi kabla hujaanza. Itazame pamoja na kalenda ya uchaguzi wa nchi yako. Mkenya anayezima kila kitu leo ahakikishe amewasha tena mapema kabla ya Agosti 2027, wakati orodha ya wapiga kura bado iko wazi na wagombea wa wadi yake bado wanapita mtaani.